Kosa la asilimia moja lafuta fidia yote: Soko gumu la madai ya majeruhi katika majimbo manne ya Marekani

BARABARA ya Georgia Avenue hutoka ndani ya jiji la Washington, huelekea kaskazini na kuvuka mpaka wa Wilaya ya Columbia kuingia Silver Spring, katika jimbo la Maryland. Dereva hahisi chochote anapovuka. Lami ni ile ile na maduka yanapokezana pande zote mbili. Lakini kwa mwenda kwa miguu aliyegongwa na gari, hatua chache kusini au kaskazini ya mpaka huo zaweza kuwa tofauti kati ya fidia ya maelfu ya dola na mfuko mtupu.

Upande wa kusini, tangu Novemba 2016, mwenda kwa miguu ambaye naye alikosea bado ana dai lake, mradi kosa lake halizidi la hao anaowashitaki. Upande wa kaskazini, jopo la raia wanaosikiliza kesi likiridhika kwamba alichangia ajali hata kwa asilimia moja, mchezo umekwisha. Hapati nusu, hapati robo, hapati nauli ya kurudia nyumbani.

Wanasheria huuita utaratibu huo uzembe wa kuchangia. Kati ya majimbo 50 ya Marekani, umebaki kwa ukali wake katika manne tu: Maryland, Virginia, North Carolina na Alabama. Wilaya ya Columbia ni ya tano katika orodha, ila kule waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wengine watumiao barabara bila kinga ya bodi ya gari wamekwisha kutolewa kifungoni. Mwenye gari angali ndani.

Habari hii si ya mbali kama inavyosikika. Wakenya na Watanzania wengi waliohamia Marekani wanaishi katika ukanda huo huo, kuzunguka Washington na Baltimore, na kusini yake kwenye miji ya Raleigh na Charlotte. Kazi zao nyingi ni za barabarani na za miguu: teksi, malori, kupeleka vifurushi, maghala ya mizigo, na kuhudumia wazee majumbani kwa zamu za usiku. Mtu mmoja akivunjika nyonga pale Baltimore, ada ya shule huku nyumbani inayumba mwezi huo huo. Wengi hudhani kwamba gari likikugonga Marekani, nchi ya mawakili na bima, malipo ni lazima. Dhana hiyo imewatia watu hasarani.

Bei ya dai moja katika masoko manne

Chukua dai ambalo hasara yake yote, yaani hospitali, mishahara iliyopotea na maumivu, imethibitishwa kuwa dola 100,000. Kinachobadilika ni sehemu ya kosa aliyobebeshwa majeruhi mwenyewe. Malipo yanakuwa hivi:

California, New York, Washington (jimbo): kosa la asilimia 10, dola 90,000, asilimia 50, dola 50,000, asilimia 60, dola 40,000.

Texas, Minnesota: asilimia 10, dola 90,000, asilimia 50, dola 50,000, asilimia 60, sifuri.

Georgia, Tennessee: asilimia 10, dola 90,000, asilimia 50, sifuri, asilimia 60, sifuri.

Maryland, Virginia, North Carolina, Alabama: asilimia 10, sifuri, asilimia 50, sifuri, asilimia 60, sifuri.

Florida ilikuwa kundi la kwanza tangu mwaka 1973, lakini Machi 2023 ilihamia kundi la pili kwa kesi nyingi, na papo hapo ikapunguza muda wa kufungua kesi za uzembe kutoka miaka minne hadi miwili. Waliokuwa wakiiita Florida pepo ya wadai wamelazimika kubadili wimbo.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam atashangazwa na mstari wa mwisho wa orodha hiyo. Katika mahakama za Kenya na Tanzania, hakimu akiona kwamba aliyegongwa alivuka barabara bila kuangalia, humkata asilimia 20, 30 au hata 50, kisha humpa kilichosalia. Kenya ina kifungu hicho katika Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26. Tanzania inayo katika Sura ya 310. Zote mbili zilifuata nyayo za Uingereza, ambayo ilibadili sheria yake mwaka 1945. Kinaya ni kwamba kanuni ya kunyimwa yote ni ya Waingereza wenyewe. Walioibuni waliitupa, nchi walizozitawala zikaitupa, na majimbo manne ya Marekani yakabaki nayo kama koti la babu.

Boriti ya Derby na punda wa Mann

Asili yake ni jioni moja ya Agosti katika mji wa Derby, Uingereza, wakati watu wakianza kuwasha mishumaa. Bwana mmoja aitwaye Forrester alikuwa akitengeneza nyumba yake na aliweka boriti iliyoziba sehemu ya njia. Bwana Butterfield alitoka kilabuni, akapanda farasi wake na kumtimua mbio. Boriti ingeweza kuonekana umbali wa yadi 100. Hakuiona, farasi akajikwaa, mpandaji akaumia. Mwaka 1809 mahakama ilisema kwamba aliyeweka boriti alikosea, lakini mtu hawezi kujitupa juu ya kizuizi alichowekewa na mwingine kisha adai malipo, kama yeye mwenyewe hakutumia hadhari ya kawaida. Butterfield alitoka mikono mitupu. Mahakama za Marekani ziliipokea kanuni hiyo mapema katika karne hiyo, na Maryland iliikubali mwaka 1847.

Mwaka 1842 mahakama za Uingereza zilikutana na kesi iliyozipa kigugumizi. Mtu mmoja, Davies, alimfunga punda wake miguu ya mbele na kumwacha barabarani ajilishie. Gari la farasi la Bwana Mann likaja kasi na kumkanyaga punda hadi kufa. Davies alikuwa na kosa bila shaka, maana punda aliyefungwa hana pa kukimbilia. Lakini mahakama ikasema kwamba mwenye gari ndiye aliyekuwa na nafasi ya mwisho ya kuepusha ajali, naye hakuitumia. Akalipa.

Punda yule angali kazini. Kanuni ya nafasi ya mwisho iliyo wazi ndiyo tundu kubwa kuliko yote linalobaki kwa mdai mwenye kosa katika majimbo hayo. Mtu aliyeanguka katikati ya barabara kwa uzembe wake, dereva akamwona kutoka mbali, akawa na muda wa kukanyaga breki na asikanyage, anaweza bado kulipwa. Anayetaka kupita hapo ashike ushahidi wa sekunde na mita: urefu wa alama za matairi, mwanga wa taa, na kumbukumbu za kompyuta ya gari zinazoonyesha mwendo na wakati breki ilipoguswa. Mambo hayo hayapatikani kwa maneno ya mdomo miezi minane baadaye.

Jinsi mkadiria hasara anavyopiga hesabu

Kesi nyingi haziamuliwi na jopo. Zinamalizwa kwa simu na barua kati ya wakili na mkadiria hasara wa kampuni ya bima, na hapo ndipo sheria hii inapofanya kazi yake ya kimya kimya.

Tuseme dai ni lile lile la dola 100,000, lakini kuna shahidi mmoja anayesema majeruhi alikuwa akiangalia simu. Mkadiria anakisia kwamba kuna nafasi 4 katika 10 za jopo kuliamini hilo. Kule California hoja hiyo ingepunguza dai kwa kiasi fulani tu. Kule Maryland inaweza kuliua kabisa, kwa hiyo dai lenye thamani ya 100,000 linageuka kuwa bahati nasibu yenye thamani ya 60,000. Toa gharama za kuendesha kesi: daktari wa kutoa ushahidi, mpiga chapa wa mahakama, mtaalamu wa ajali. Toa pia uchovu wa mtu asiyekwenda kazini na anayedaiwa kodi ya nyumba. Mkadiria anajua yote hayo. Anaanza na ofa ya dola 20,000, na huenda akafikia 36,000.

Majeruhi akikubali 36,000, si zake zote. Kwa kawaida wakili wa madai ya namna hii halipwi mapema. Anachukua sehemu ya kitakachopatikana, mara nyingi theluthi, yaani 12,000. Tuseme gharama alizolipa kwa niaba ya mteja ni 1,500. Hospitali na bima ya afya zina haki ya kukata chao kwanza. Tuseme 9,000 baada ya kubembelezwa. Mezani zinabaki dola 13,500, kwa mguu ambao ulipigiwa hesabu ya laki moja.

Kuna jambo baya zaidi ya ofa ndogo, nalo halionekani katika takwimu za mahakama. Wakili anayelipwa kwa asilimia ni mfanyabiashara kama wengine, na theluthi ya sifuri ni sifuri. Akisikia katika mazungumzo ya kwanza kwamba mteja alivuka nje ya kivuko, atasikiliza kwa upole, atampa pole, na wiki inayofuata itakuja barua fupi inayosema ofisi haiwezi kuchukua kesi hiyo. Dai linafia mlangoni, na hakuna hakimu aliyelisikia.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Katika majimbo hayo, mdai asiye na doa analipwa kikamilifu, na kama waliomuumiza ni wawili au watatu, katika Maryland anaweza kumdai yeyote kati yao deni lote, hata kama mwingine hana senti. Majimbo mengi yaliyokubali kugawana makosa yamelegeza au kufuta kanuni hiyo. Vilevile si siri kwamba majopo hayafuati maagizo kwa rula. Raia wanaomwonea huruma majeruhi hulifumbia macho kosa dogo, kisha huenda wakampunguzia fedha kidogo kidogo bila kusema. Lakini hakuna wakili mwenye akili anayemshauri mteja aweke maisha yake rehani kwa huruma ya watu sita asiowajua.

Neno "pole" na bei yake

Hapa Waswahili wana mtihani wao wa pekee. Mtu aliyelelewa vizuri, akigongana na mwenzake, neno la kwanza ni pole, na la pili ni samahani. Si kukiri kosa, ni utu. Maneno hayo yakigeuzwa Kiingereza pale kando ya barabara, mbele ya polisi mwenye daftari, yote mawili yanakuwa neno moja la kuomba radhi. Mwenye gari lingine atalikumbuka. Bima yake italiandika. Miaka miwili baadaye litasomwa kwa sauti mahakamani: mdai mwenyewe aliomba msamaha.

Si lazima mtu awe mkavu. Anaweza kuuliza mwenzake kama ameumia, kuita gari la wagonjwa na kutoa karatasi zake. Kinachomgharimu ni kueleza: "sikukuona", "nilikuwa na haraka", "labda niliingia mapema". Katika jimbo la kugawana makosa, sentensi ya aina hiyo ina bei ya asilimia kadhaa. Katika Virginia au Alabama inaweza kuwa na bei ya dai zima.

Mtego wa pili uko hospitali. Muuguzi huuliza ilikuwaje, na mgonjwa hujibu kama anavyomjibu jirani: nilikuwa nakimbilia basi. Maneno hayo huingia kwenye faili. Wakili wa upande wa pili ataliomba faili hilo, na hapana atakayeamini kwamba mtu alimdanganya muuguzi saa moja baada ya ajali. Daktari anahitaji kujua ni wapi panauma na gari lilipiga upande gani. Habari za basi hazitibu.

Wa tatu ni simu ya upole inayokuja siku ya pili au ya tatu. Mpigaji anasema anatoka bima ya yule dereva, anataka "kufungua faili tu", na anaomba kurekodi. Majeruhi hana wajibu wa kuzungumza na bima ya mtu mwingine. Wajibu wake wa kushirikiana ni kwa bima yake mwenyewe. Maswali yenyewe hupangwa kwa ustadi. Ulimwona lini? Ulikuwa umbali gani? Kwa nini hukusimama? Hakuna jibu la haraka ambalo haliachi ufa. Na hundi ndogo ikiambatana na karatasi ya kutia sahihi, karatasi hiyo kwa kawaida ni hati ya kuachilia madai yote, pamoja na yale ya mgongo ambao haujaanza kuuma.

Kwa upande wa kujilinda, kazi ya siku tatu za kwanza ina thamani kuliko ya miaka miwili inayofuata. Picha za taa, alama za barabara, viatu na nguo alizovaa mtu. Namba za simu za mashahidi, maana polisi huwa hawawaandiki wote. Kamera za maduka na vituo vya mafuta hufuta picha zake baada ya muda mfupi, hivyo barua ya kuomba zihifadhiwe haisubiri mtu apate nafuu. Matibabu nayo yasikatike: pengo la wiki tano bila kwenda kliniki husomwa kuwa dalili ya kupona.

Walio salama na walio nusu salama

Sheria si jiwe tupu. Kwanza, mzigo wa kuthibitisha uzembe wa majeruhi uko kwa mshitakiwa. Haitoshi kunong'ona kwamba huenda alikuwa na simu. Lazima ithibitishwe, tena ithibitishwe kwamba jambo hilo lilisababisha ajali. Mtu asiye na leseni halali aliyesimama kwenye taa nyekundu na kugongwa nyuma ana kosa la leseni, lakini leseni haikumgonga.

Pili ni mkanda. Katika Maryland, Virginia na North Carolina, kutofunga mkanda hakutumiki kumnyima majeruhi fidia yake. Wengi hawalijui hili, na wakadiria hasara hawana haraka ya kuwaambia.

Tatu ni watoto. Virginia, North Carolina na Alabama husema mtoto chini ya miaka 7 hawezi kabisa kuwa na uzembe wa kuchangia, na kuanzia miaka 7 hadi 14 inachukuliwa hawezi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maryland ina mkono mgumu zaidi: kuanzia miaka 5 mtoto anaweza kulaumiwa, ingawa hupimwa kwa akili ya watoto wa umri wake.

Nne, kosa la mshitakiwa likivuka uzembe wa kawaida na kuwa la makusudi au la kutojali kabisa uhai wa watu, kama mbio za magari mtaani, katika North Carolina na Alabama uzembe mdogo wa majeruhi haumzuii tena.

Abiria ndiye mwenye afya njema kuliko wote, kwa kuwa haendeshi chochote. Hata hivyo akipanda kwa hiari gari la mtu anayemwona amelewa, afya hiyo inaisha.

Aliye hatarini zaidi katika Maryland ni dereva anayetoka barabara ndogo kuingia barabara yenye haki ya kupita. Mahakama za huko zimekuwa kali mno kwake. Hata kama mwenzake alikuwa akikimbia kupita kiasi, aliyetoka pembeni bila kupisha huwa katika shida kubwa.

Fedha zisizouliza nani alikosea

Kabla ya kukata tamaa, mtu atazame mikataba aliyonayo kabatini. Bima ya gari ya Maryland ina kifungu cha kulipia matibabu na sehemu ya mshahara bila kuangalia kosa, kianzio chake dola 2,500. Mteja anaruhusiwa kukikataa ili apunguze ada, na wengi hukikataa dirishani ili kuokoa dola chache kwa mwezi. Katika jimbo ambalo kosa dogo linafuta kila kitu, huo ni ubahili wa kununua mwavuli wenye tundu.

Aliyeumia kazini yuko kwenye mfumo mwingine kabisa. Fidia ya wafanyakazi hulipwa hata kama mfanyakazi alikosea, ila hailipii maumivu. Mtunza wazee aliyeajiriwa na wakala na kuanguka ngazini kwa mteja anaanzia huko. Wafanyakazi wa reli, kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1908, hugawiwa makosa hata wakiwa Alabama. Shida ni kwa dereva wa teksi za simu na mwenye lori lake mwenyewe: kwa kawaida huhesabiwa kuwa mkandarasi, si mwajiriwa, na kapu hilo halimhusu. Wahamiaji wengi wako hapo hapo.

Goli lililoanguka

Jaribio kubwa la kuiondoa sheria hii katika Maryland lilitokana na uwanja wa mpira. Agosti 2008, kijana wa miaka 20 aliyekuwa akijitolea kusaidia mazoezi ya watoto huko Fulton, wilaya ya Howard, alipiga mpira golini, akaufuata, na akipita chini ya mtambaa panya akarukia na kuning'inia. Goli halikuwa limefungwa ardhini. Lilimwangukia usoni na kumvunja mifupa, akawekewa vipande vitatu vya chuma cha titani.

Jopo lilikubali kwamba chama cha soka kilichohusika na goli hilo kilikuwa na uzembe. Likakubali pia kwamba kijana naye alikuwa nao. Akapata sifuri. Rufani ilifika mahakama ya juu ya jimbo, ambayo wakati huo iliitwa Mahakama ya Rufani na tangu Desemba 2022 inaitwa Mahakama ya Juu ya Maryland. Julai 2013 majaji watano dhidi ya wawili waliiacha kanuni ilivyo. Hawakuisifu. Walisema mahakama hiyo ilikwisha kulikataa ombi kama hilo mwaka 1983, kwamba Bunge la jimbo limeletewa miswada mara nyingi na halikubadili kitu, na kwamba mabadiliko makubwa hivyo ni ya Bunge. Jaji aliyepinga aliifananisha kanuni hiyo na mnyama wa kale aliyepaswa kuwa ametoweka zamani.

Kwa nini miswada hufa? Makampuni ya bima, wafanyabiashara na serikali za mitaa hudai kwamba kugawana makosa kutapandisha ada za bima na kuongeza kesi. Mawakili wa majeruhi hujibu kwamba majimbo 46 yanaishi hivyo na magari bado yana bima. Cha kuchekesha ni kwamba baadhi ya mawakili hao wenyewe hawana shauku kubwa, kwani wanahofu kwamba wakipata mgawanyo wa makosa watapoteza ile kanuni ya kumdai mshitakiwa yeyote deni lote. Hivyo pande zote mbili zina kitu cha kupoteza, na mwenye kulipia ni yule aliyelala hospitali. Tennessee na South Carolina, majirani wa North Carolina, walikwisha kuhama mwaka 1992 na 1991, tena kwa uamuzi wa mahakama.

Kalenda

Kesi ya kuumizwa kwa uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 2 katika Virginia na Alabama, na miaka 3 katika Maryland, North Carolina na Wilaya ya Columbia. Mazungumzo na bima hayasimamishi saa hiyo, hata yakiwa ya kirafiki kiasi gani, na wapo wakadiria ambao simu zao hupungua utamu siku moja baada ya tarehe kupita.

Aliyegongwa na gari la serikali au kuangukia shimo la barabara ya umma ana muda mfupi zaidi wa kutoa taarifa kwa maandishi, kabla hata ya kesi. Wilaya ya Columbia hutaka taarifa ndani ya miezi 6, ikieleza wakati, mahali, chanzo na mazingira ya ajali. Madai dhidi ya miji na wilaya za Virginia ni miezi 6 vilevile, na kwa miji ya Alabama ni miezi 6. Maryland hutoa mwaka 1. Mwezi wa saba ukiingia katika Washington bila barua hiyo kufika, dai dhidi ya Wilaya hukwama hapo hapo, hata kwa yule ambaye hakuwa na kosa hata la asilimia moja.